Meza Isiyo na Ukingo

Jumamosi, tarehe 9 Julai 2067. Asubuhi ilikuwa ya baridi kavu, na upepo wa Singida ulivuma tangu alfajiri ukibeba vumbi, makapi ya alizeti na kofia ya mlinzi wa geti. Ndani ya ukumbi haukuingia upepo hata kidogo. Wajumbe wa Kamati ya Majaribio walikuwa wameziba madirisha yote kwa gundi, kwa sababu meza yao haikupenda kupulizwa.

Nilifika saa moja kamili. Kabla ya kugusa chochote nilisimama kwenye kona, nikaomba. Huwa naomba maneno machache: Bwana, nipe macho, nipe masikio, zuia mdomo wangu. Siku ile ombi la tatu halikujibiwa.

"Umemaliza kusali, Mama Mwamuzi?" aliniuliza Bakari Njiku, msaidizi wangu kwa miaka tisa sasa, mzee anayetembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

"Nimemaliza."

"Umeniombea na mimi?"

"Wewe una msikiti wako."

"Msikitini wamenichoka, dada Eliwaza. Niombee tu. Leo tunaye daktari."

Daktari mwenyewe alikuwa ameinama juu ya meza akiifuta kwa kitambaa laini. Dokta Ibrahimu Semboja, mwenyekiti wa Kamati. Hakuwahi kushika raketi maishani mwake, jambo alilolisema kwa fahari kwenye kila mkutano, akieleza kwamba ndiyo maana hana upendeleo. Kwa hesabu hiyo, mimi ambaye sijawahi kupasua mtu tumbo ningefaa sana kuwa daktari wa upasuaji.

Katika misimu sita Kamati yake ilikuwa imeubadilisha mpira wa meza wa kulipwa kama mtu anayekarabati nyumba asiyoishi. Kwanza mpira ulikuzwa ili watazamaji wauone. Kisha ukapakwa rangi inayobadilika kila unapopigwa. Kisha mapigo yakawekewa kikomo: mkifika la tisa bila mshindi, pointi inafutwa, maana utafiti ulionyesha kuwa watu huchoka. Kisha ikaamriwa mchezaji afute jasho kwa ruhusa ya saa ya ukutani. Kila badiliko liliitwa jaribio, na hakuna jaribio hata moja lililowahi kushindwa. Nimefundisha shule ya Jumapili. Mtoto anayejisahihishia mtihani wake mwenyewe hafeli.

Sasa walikuwa na meza hii.

"Karibu, mama, karibu," alisema Dokta Semboja. "Weka mpira popote."

Nikaudondosha mpira katikati. Sauti ya kike, tulivu kama ya mhudumu wa benki, ikatoka chini ya wavu: "Ndani. Asante." Nikaudondosha sakafuni. "Nje. Asante." Nikauokota, nikauangusha taratibu juu ya ukingo, pale rangi ya bluu inapokutana na ubavu wa ubao. Mpira ulilia *tik*, ukaruka pembeni.

"Nje," meza ilisema. "Asante."

"Umegusa," nilisema.

Dokta alitabasamu kwa subira. Alinieleza kwamba chini ya rangi kuna utando wa vitambuzi, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unaosikia uzito wa mpira na kupima mahali ulipotua. Utando huo haukunjiki. Ukikunjwa kwenye kona ya ubao unapasuka. Kwa hiyo unaishia milimita mbili kabla ya ukingo.

"Na hizo milimita mbili?"

"Hazimo."

"Hazimo wapi, Dokta? Mbona naziona?"

"Mama, mpira wa ukingoni hutokea mara mbili au tatu tu katika mechi. Ni takwimu ndogo sana. Badala ya kuisumbua mashine, tumeirekebisha kanuni."

Kanuni hiyo ilikuwa ya kumi na nne. Nilikuwa nimeisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama nilivyofundishwa darasa la jioni nilipoanza kusoma nikiwa na miaka arobaini na nne. Mwalimu wetu alikuwa akisema: ukishindwa kuielewa sentensi, tafuta nani anafanya nini. Katika kanuni ya kumi na nne hakuna aliyefanya lolote. *Mpira usiotambuliwa na meza utahesabiwa kuwa haukugusa meza. Kauli ya mchezaji inayopingana na meza itaadhibiwa.* Kauli ya kwanza, kadi ya njano. Ya pili, kupoteza mechi.

Waliandika hivyo kwa sababu wachezaji walikuwa wakiwaharibia. Katika mchezo huu kuna desturi kongwe kuliko Kamati yoyote. Mpira ukigusa ukingo wa upande wako na mwamuzi asione, unainua kidole kimoja, na pointi inakwenda kwa mwenzako. Haikuandikwa popote. Unajifunza siku unayojifunza kushika raketi, na asiyeifuata hukosa mtu wa kucheza naye. Meza ilipoletwa, wachezaji waliendelea kuinua vidole, na kila kidole kilikuwa ushahidi kwamba meza ni kipofu pembeni. Kamati ilikaa siku tatu hotelini kutafakari tatizo hilo. Ikatoka na jibu kwamba tatizo ni vidole.

"Leo ni mechi ya arobaini," Dokta alisema. "Thelathini na tisa zimethibitishwa. Ukiweka dole gumba lako jioni, jaribio limekamilika, na kanuni inakuwa ya kudumu. Na unajua meza hii ni mwanzo tu. Utando huuhuu utalazwa kwenye mipaka ya mashamba. Watu hawatagombana tena. Ardhi yenyewe itasema."

"Na milimita mbili za pembeni?"

"Shambani zitakuwa hatua mbili hivi," alisema, akaendelea kufuta.

Bakari alinivuta mkono. "Twende tukanywe chai kabla hujamwombea huyu vibaya."

*

Mechi ilianza saa nne. Ukumbi ulijaa, watu kama mia nne, wengi wao wamekuja kwa ajili ya Sikudhani Mughwai, binti wa hapahapa anayefanya kazi kwenye kinu cha alizeti na ana mkono wa kulia ambao Mungu aliutengeneza akiwa na nafasi. Mpinzani wake alikuwa Bertila Komba wa Songea, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, mkimya, mwenye goti lililofungwa bandeji. Mshindi angekwenda kwenye mashindano ya Afrika. Kwa Sikudhani nafasi ingerudi mwakani. Kwa Bertila, na goti lile, isingerudi, na kila aliyekuwa ukumbini alilijua hilo.

Kazi yangu chini ya kanuni mpya ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu na kurudia kilichosemwa na chombo. "Ndani," meza inasema. "Ndani," nasema mimi. Kasuku wa jirani yangu angeweza kupewa beji.

Beji hiyo sikuipata kirahisi. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na tisa, nimekaa kati ya vijana walionisaidia kutafuta kalamu. Mtihani wa uamuzi niliufaulu mara ya tatu. Siku niliyovikwa beji niliiweka juu ya Biblia, nikapiga magoti, nikamwahidi Mungu kwamba ninachokiona sitasema sikukiona.

Na nilikuwa nimeshavunja ahadi hiyo. Mwezi wa tano, huko Kahama, msichana anayeitwa Nshoma aliinua kidole mara mbili. Mara zote mbili mpira ulikuwa umegusa, na nilisikia. Nikampa kadi, kisha nikamtoa kwenye mechi. Alikusanya vitu vyake, akapita mbele ya kiti changu, akapiga goti kidogo na kusema, "Asante, mama." Nimetukanwa na mashabiki wa kila mkoa, lakini tusi zito kama lile sijawahi kulipokea. Jioni ile niliweka dole gumba kwenye cheti. Nilijiambia kwamba mimi ni mtumishi tu, kanuni si yangu. Pilato naye alikuwa na beseni la maji safi.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Dharau ninayoiandika hapa ilianzia kwangu, kisha ikawafikia wenye shahada.

Mpaka seti ya tatu mambo yalikuwa shwari. Kisha Sikudhani alipiga mpira wa pembeni, *tik*, ukadondoka. "Nje. Asante," meza ilisema. Bertila akainua kidole bila hata kufikiri, kama mtu anayejikuna sikio.

Dokta Semboja, aliyekaa mstari wa mbele na kishikwambi chake, alinitazama.

Nikatoa kadi ya njano.

"Samahani, mama," Bertila aliniambia. "Mkono umezoea vibaya."

"Endelea," nilisema.

Bakari, aliyekaa upande wa pili wa meza, alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimsikia akinong'ona, "La haula," kisha akaanza kusafisha miwani ambayo haikuwa chafu.

*

Seti ya tano. Tisa kwa tisa.

Sikudhani alianzisha mpira mfupi. Bertila akaurudisha katikati. Walipigana mapigo sita, na goti lile lilikuwa linalia kwa kila hatua, nililiona usoni mwake. Pigo la saba Sikudhani aliuzungusha mpira kwa mkono wake wa kulia, ukapinda hewani, ukashuka nje kabisa ya mstari mweupe na kugonga ukingo wa upande wa Bertila. *Tik*. Ukaanguka miguuni pake.

"Nje," meza ilisema. "Pointi kwa Komba. Kumi kwa tisa. Asante."

Pointi moja tu, na Bertila angekwenda kwenye mashindano ya Afrika.

Nilimwona akitazama mpira. Nilimwona akitazama mkono wake mwenyewe, kwa hofu, kama vile ni mbwa ambaye huenda akabweka. Niliomba, sitaficha. Niliomba asiinue. Niliomba Mungu amfunge mkono yule mwanamke mwaminifu ili mimi nisilazimike kuchagua. Nikaona aibu ya ombi langu kabla halijaisha.

Bertila akainua kidole.

"Ungenyamaza tu, dada," Sikudhani alimwambia kwa sauti ya chini, na kulikuwa na hasira ndani yake. "Nani alikuuliza?"

"Uligusa."

"Mimi sikusema umegusa. Mama, mimi sijasema kitu. Muandike hivyo, sijasema kitu." Alirudi nyuma hatua mbili, macho sakafuni. Sikumlaumu. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na alikuwa amekua chini ya Kamati.

Dokta Semboja alikuwa ameshasimama. Alitembea mpaka kwenye kiti changu bila haraka.

"Kadi ya pili, mama. Mechi ni ya Mughwai. Tangaza."

"Dokta, umesikia ile sauti?"

"Meza haikusikia."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi si chombo cha kupimia." Alisema hivyo kwa unyenyekevu wa kweli, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu hakuwa mwongo. Mwongo anajua ukweli ulipo na anaukwepa. Huyu alikuwa amesoma mpaka masikio yake mwenyewe akayaona si ya kuaminika.

"Mimi nimesikia hata huku juu," mwanamume mmoja alisema kutoka viti vya nyuma. "Na mimi nina sikio moja." Watu wakacheka.

Dokta aliinamisha kichwa karibu nami. "Mama Kitundu, najua ulikotoka. Najua ulivyohangaika kuipata hiyo beji. Ukitangaza tofauti, naichukua leo hii. Usiwe mtumwa wa milimita mbili."

Niliomba. Watu wanafikiri maombi ni maneno. Mara nyingi ni kukaa kimya mpaka visingizio vyako vikuishie. Nilikuwa na vingi. Kanuni si yangu. Mechi moja haibadilishi kitu. Nikiondoka watamweka asiyejali. Mtoto wa dada yangu alikuwa ameniambia juzi kwamba beji hii ndiyo kitu pekee katika ukoo wetu kilichopigwa mhuri. Nilivipitia kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa cha kweli, na hakuna hata kimoja kilichosema kwamba mpira haukugusa.

"Mpira umegusa ukingo," nilitangaza. "Pointi kwa Mughwai. Kumi kwa tisa, Mughwai anaongoza. Hakuna kadi."

Meza ilinijibu. "Kumi kwa tisa, Komba anaongoza. Asante."

"Mpira umegusa," nilirudia. "Na kadi ya seti ya tatu nilikosea kuitoa. Inafutwa."

"Tafadhali mwite fundi," meza ilisema, na taa zake zikazimika. Ubao wa matokeo ukawa mweusi. Mashine iliyogharimu misimu sita ya akili za watu ilikuwa imenuna.

"Sasa tunahesabuje?" Sikudhani aliuliza.

Bakari alinyanyuka. "Mimi nina vidole kumi, binti yangu, na Dokta akitukopesha vyake tunafika ishirini. Mnahitaji kumi na moja tu."

Wakacheza. Dokta Semboja alisimama kati ya meza na mlango akipiga picha kila kitu kama ushahidi. Sikudhani alianzisha. Mapigo yalifika la tisa, yakapita, la kumi, la kumi na moja, na hakuna aliyewafutia pointi. Utafiti ulisema watu huchoka; sikuwahi kuona ukumbi usiochoka kama ule. Pigo la kumi na nne goti la Bertila lilikataa, akachelewa, mpira wake ukaishia kwenye wavu.

"Kumi na moja kwa tisa," nilisema. "Mshindi, Sikudhani Mughwai."

Bertila alikwenda kumpa mkono. Sikudhani hakuupokea mara moja. Alikuwa analia kwa hasira. "Ungeshinda," alisema. "Ungeshinda, na mimi ningekuchukia kwa raha."

"Nenda ukacheze," Bertila alimjibu. "Na ufanyie kazi mapigo yako ya upande wa kushoto, ni mabovu."

*

Kamati haiwezi kumaliza jambo bila utaratibu. Meza ikiwa imezimika, waliniita mbele ya ukumbi, watu wote wakiwa bado wamekaa. Mezani kulikuwa na cheti cha mechi ya arobaini na kidau cha wino.

Dokta Semboja alizungumza kwenye kipaza sauti kwa upole uleule. Alisema Kamati ni ya kibinadamu. Alisema mwamuzi alipata msongo, na umri nao una mambo yake. Kanuni ya thelathini na moja inaruhusu mwamuzi aliyepotoka kubaki na beji yake endapo ataweka dole gumba kwenye cheti, kisha aahidi kwa sauti, mbele ya mashahidi, namna atakavyofanya kazi tangu siku hiyo. Aliwatambulisha mashahidi: wajumbe wawili wa Kamati, mwakilishi wa ligi, na Bakari Njiku kama msaidizi wa mwamuzi.

"Mimi nashuhudia nini?" Bakari aliuliza.

"Utakachosikia."

"Haya. Hicho nakiweza. Bado nasikia."

Nilipewa kipaza sauti. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba nilikuwa jasiri. Niliitazama karatasi. Kwa miaka mingi ya maisha yangu dole gumba ndiyo saini pekee niliyokuwa nayo, kwa sababu sikujua kuandika. Hawa walijua kuandika, na walitaka dole gumba kwa sababu dole gumba halisomi.

Nilivua beji, nikaiweka juu ya cheti, pale palipoachwa nafasi ya alama yangu. Dokta alifungua mdomo. Bakari akamwekea mkono begani, kwa heshima kabisa, na kumwambia, "Mwache mama aahidi, Dokta. Ni utaratibu wenu."

Nikasema hivi, na wote walisikia:

"Mimi, Eliwaza Kitundu, naahidi mbele ya mashahidi hawa wanne, mbele yenu nyote, na mbele za Mungu ambaye hahitaji kipaza sauti. Karatasi hii sitaiwekea alama, leo wala siku nyingine, na ile ya Kahama niliyoiwekea nitakwenda kuikana kwa maandishi, kwa mkono wangu. Popote nitakapohesabu pointi, nikiwa na beji au bila beji, mtu akisema kweli inayomuumiza yeye mwenyewe, nitaiandika kweli hiyo, na yeye sitamwadhibu. Mimi ni mwoga, mmeniona. Ndiyo maana naahidi kwa sauti, ili siku nitakapotaka kusahau, niwe na watu mia nne wa kunikatalia."